Chupa ya Uzi Mwekundu

Njeri, mama yangu,

Sikuulizi hali. Nimekuona asubuhi ukinywa chai bila kunitazama, kwa hiyo hali yako naijua. Yangu nayo unaijua: mafua yamekwisha, mguu unauma kama kawaida, na kichwa kigumu bado hakijapatiwa dawa.

Naandika barua hii ninyi mkiwa kanisani. Nilimwambia mama yako kwamba mguu umekataa. Mguu haukukataa, nilitaka meza. Wajina wangu amelala kitandani hapa nyuma yangu, mdomo wazi, ameukumbatia ule mpira wake wa matambara. Anapumua vizuri. Kila mara nasimama kumsikiliza, ndiyo maana mwandiko unapinda hapa na pale. Usidhani ni kwa kutojua. Kule ngumbaru, shule ya watu wazima, mwalimu alisema mwandiko wangu unasomeka kuliko wa wazee wote wa Maringo, na wengine wao walikuwa wazee wa kanisa.

Nimemwona pia Mama Halima. Ameweka kigoda chake mkabala na mlango wetu, anachambua mchele. Sijawahi kuona mchele unaochambuliwa muda mrefu hivyo. Mkono uko kwenye ungo na macho yapo kwangu. Najua ni wewe uliyemweka hapo. Sikasiriki. Ningekuwa wewe, ningeweka wawili.

Ijumaa ulisimama mbele ya mama yako ukaniambia, "Baba, ulimpa mtoto nini? Na nikienda utampa nini? Usiponijibu, siendi." Kisha ukatoa nguo zako sandukuni ukaziweka kitandani. Mama yako amezirudisha, lakini hukulifunga. Sanduku liko wazi katikati ya nyumba hadi leo, tunaliruka kama mtaro. Najua usiporipoti chuo cha uuguzi kesho nafasi yako atapewa msichana mwingine. Najua pia kwamba nikikaa kimya utabaki kweli, kwa sababu huo ugumu umeutoa kwangu, na mimi niliutoa kwa mama yangu, ambaye jina lake ndilo unalobeba. Ndiyo maana tangu umezaliwa nakuita mama, na ndiyo maana ulipopata mtoto ukiwa kwangu, hujaolewa, mtoto akabeba jina langu. Kwa hiyo katika nyumba hii nimezungukwa: mbele yangu mama yangu, nyuma yangu mimi mwenyewe nimelala na mpira wa matambara.

Nitajibu. Lakini mimi si ng'ombe wa kuvutwa kamba. Nitafika kwa njia yangu.

Mambo ya blanketi, sabuni, na kutolala na nywele mbichi, mama yako amekwisha kukuambia na atakuambia tena kesho mkiwa stendi. Sina la kuongeza. Nina lingine.

Wewe ulizaliwa ukanikuta kinyozi, na chupa zangu ziko dirishani, ukadhani zilikuwa hapo siku zote. Nilikotoa ujuzi ule umesikia nikiwasimulia wateja, lakini hukusikia vizuri, kwa sababu sikuusimulia vizuri. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi jikoni kwa bibi mmoja wa Kizungu, mjane, kule upande wa Limuru. Bibi huyo alikuwa na kabati limejaa dawa zilizokuja kwa meli. Kulikuwa na dawa ya ini, dawa ya damu, dawa ya mishipa, chumvi ya haluli, kwinini, mafuta ya samaki. Kila ugonjwa ulikuwa na chupa, na nafikiri kila chupa ilikuwa na ugonjwa wake, maana ikifika chupa mpya bibi alianza kuumwa mahali papya. Iliyokuwa juu ya zote ilikuwa dawa ya nywele. Karatasi yake ilikuwa na picha ya mwanamke mwenye nywele hadi magotini. Bibi mwenyewe nywele zake zilikuwa kama nyasi za Januari.

Kazi yangu ilikuwa kumletea chupa. Nikajua chupa zote kwa harufu. Sikujua kusoma, na alipojaribu kunitega akisema niletee hii na ile, sikukosa hata siku moja. Aliwaita wageni wake waje waone. Nilisimama pale sebuleni na kitambaa machoni, nanusishwa chupa mbele ya Wazungu, nataja moja moja, nao wanapiga makofi. Pua yangu ilinijengea jina kabla sijawa na ndevu.

Wakati wa vita meli zikaacha kuleta dawa. Bibi akalia. Nikamwambia nitatengeneza. Nilichukua mafuta ya mbariki, ya mbegu za nyonyo, yale mama zetu walijipaka tangu zamani, nikatia spiriti, nikasaga kwinini, nikatia na pilipili kidogo. Alipopakwa kichwa kikawaka moto, akafumba macho, akasema, "Hii ndiyo. Hii inafanya kazi."

Nikinyoa watu kibandani huwa nasema nywele zake ziliota hadi mabegani. Hazikuota. Alinunua kofia.

Lakini mimi nilitoka pale nimejifunza jambo moja, nami nakuachia kwa sababu utafanya kazi na wagonjwa: mtu haamini dawa isiyomwonjesha uchungu. Pilipili haikuwa na kazi yoyote kwa nywele. Niliitia ili mtu asikie kwamba kuna kitu kinatendeka. Nilipokuja Nairobi na kufungua kibanda pale karibu na soko la Burma, wanaume wa viwandani waliokuja kunyoa jioni na vumbi la saruji kichwani waliitaka ile ya pilipili. Niliwahi kutengeneza isiyowasha, nzuri zaidi, wakairudisha. Mmoja akaniambia, "Mzee, hii umetia maji." Kwa hiyo niliwasha vichwa vya Industrial Area yote, nao wakanishukuru.

Halafu ikaja ile miaka vijana walipokataa kunyoa. Unakumbuka, ulikuwa mdogo, kila kijana wa mitaa ya Jericho na Makongeni alikuwa na kichwa kama kiota cha korongo na kitana kimechomekwa juu yake. Vinyozi wengi walifunga. Mimi nilikaa mlangoni kwangu, kijana akipita namwita.

"Kijana, njoo."

"Buda, hii hainyolewi. Hii ni fro."

"Nani amesema kunyoa? Nywele ni kama sukuma wiki. Umeona wapi ikistawi bila mbolea?"

Akacheka, akakaa. Wengine wakaja. Nililisha vichwa ambavyo wenzangu walishindwa kuvikata. Hilo silifuti. Niambie kinyozi mwingine Eastlands aliyepata riziki kwa nywele zisizonyolewa.

Hapo ndipo lilipoanzia kosa, kama unataka kujua, hapo kwenye kupendwa. Mtu alikuja na mba, nikampa salfa kwa mafuta, akapona. Akarudi na mtoto mwenye mashilingi kichwani, yale mapunye ya duara, akapona. Akarudi na mtoto mwenye tumbo. Hapo ningesema mimi ni kinyozi. Sikusema. Wakaanza kuniita Mzee Dawa, na mtu akishaitwa Dawa, Njeri, ni vigumu kusema sijui. Nilitoa mbariki kwa tumbo lililofunga, kitunguu na asali kwa kikohozi, karafuu kwa jino, kafuri kwenye mafuta kwa kifua, ya kupaka tu. Wengine walipona kwa dawa yangu, hilo hata walimu wako watakubali ukiwatajia mbariki. Na wengine walipona kwa sababu wangepona tu, na mimi nilikuwa nimesimama karibu.

Sasa nimefika.

Chupa ya mbariki na chupa ya kafuri zilikuwa pacha. Zote ni zile chupa bapa za kioo cheupe, mafuta yaleyale ya rangi ya chai iliyochujwa mara mbili. Mama yako aliziona akasema, "Baba Njeri, hizi zitakuchanganya." Akachukua uzi mwekundu wa kushonea, akaifunga ile ya kafuri shingoni. Nikacheka. Watu wakija niliwaambia, tazameni, mwanamke amenivalisha chupa shanga. Kisha Mama Halima akauliza kwa utani kama uzi ule ni wa kumkumbusha mzee, na mimi nikaukata kwa makasi ya kazi mbele yake. Nikasema lebo yangu iko hapa, nikagusa pua.

Siku ile wewe ulikuwa umekwenda mjini kutafuta viatu vyeupe vya chuo. Mama yako alikuwa sokoni. Wajina alikuwa na mafua na tumbo lilikuwa limefunga, analia akijikunja. Mimi pia nilikuwa na mafua, yaleyale, alikuwa ameniambukiza yeye au mimi yeye. Nilitoa chupa moja, nikafungua, nikanusa. Sikusikia kitu.

Sikiliza hapa, kwa maana hili hukuliuliza na hakuna mtu anayelijua. Mbariki haina harufu kubwa. Kafuri inanuka hadi nje. Kwa hiyo nilipokosa harufu nilijiambia: hainuki, basi ni mbariki. Haikunijia hata kidogo kwamba labda ni pua iliyokufa. Ningekuwa sina pua ya kujivunia, ningemwita mama yako aje anuse. Ningekuwa na uzi ule, ningeuona. Sikuwa na uzi kwa sababu niliukata mwenyewe.

Alitema kijiko cha kwanza. Akajikuna ulimi kwa vidole. Nikamwambia, "Meza, Mwangi, sisi huwa tunameza." Nikampa cha pili.

Mengine uliyaona. Ulikuta nimemshika, macho yake yamegeuka, miguu inapigapiga. Lakini kabla hujafika, Mama Halima alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa anapita na ndoo. Akasimama, akaweka ndoo chini, akasema, "Mzee, mbona kwenu kunanuka kafuri? Nani amefariki?"

Unajua wao Waislamu kafuri huitumia kumwosha maiti. Kwake hiyo ni harufu ya msiba. Aliuliza kwa adabu, sauti ya chini, kama mtu anayetafuta maneno ya pole. Na mimi nilikuwa nimempakata mtoto mwenye jina langu.

Kwa hiyo nilijua tangu hapo mlangoni. Baba Halima alipotupakia kwenye pikapu yake kati ya magunia ya mchele, nilijua. Wewe ulikuwa ukipiga kelele, "Ni malaria? Baba, ni malaria?" na mimi nikasema ndiyo. Kule hospitali yule daktari kijana akauliza, "Amepewa dawa yoyote ya nyumbani?" Nikasema, "Hakuna." Akauliza tena, akinitazama mimi. Nikasema, "Daktari, nimesema hakuna. Hii ni degedege ya malaria." Nilisema kwa sauti ya mtu aliyekasirika, na mtu wa umri wangu akikasirika vijana hunyamaza. Akaandika malaria. Wewe ndiye uliyeinama ukanusa mdomo wa mtoto wako. Ukasema, "Daktari, amekunywa kafuri." Wote wakanigeukia. Mimi nikatazama ukutani, palikuwa na picha ya mbu.

Tangu siku ile hadi leo mtoto amepona, amerudi, anakimbia, anavunja vikombe. Nami nimeendelea kuwaambia watu kibandani kwamba ilikuwa malaria. Umenisikia nikisema. Hukusema kitu mbele ya watu, uliondoka tu. Ningetaka ungenigombeza.

Jibu la swali lako la kwanza ndilo hilo. Nilimpa kafuri, vijiko viwili, nikidhani nampa mbariki. Na nilipojua ni kafuri, nikasema hakuna. Kati ya hayo mawili, la kwanza lilifanywa na mafua. La pili nililifanya mimi.

Sasa nakupa kitu ambacho huko chuoni hawana. Watakufundisha kuuliza: mtoto amepewa nini? Wewe utauliza, na mzee kama mimi atakuambia hakuna. Usimwamini. Usimpigie kelele pia, ukimpigia kelele atafunga mlango na kukaa nyuma yake. Usimuulize mbele ya binti yake. Mvute kando umwambie, "Baba, naona wewe ni mtu wa dawa. Hebu nifundishe, hiyo yako huwa unatia nini?" Atakuambia yote. Atakuambia na kipimo, na nani alimfundisha, na watu wangapi wamepona, hutaweza kumnyamazisha. Najua kwa sababu yule daktari angeniuliza hivyo, ningesema kabla hajamaliza. Lakini wewe usimngoje. Kwanza nusa mdomo wa mtoto, kama ulivyofanya.

Na ile ya pilipili uikumbuke. Mgonjwa atakuomba sindano kwa ugonjwa unaotaka maji na usingizi. Atasema dawa yako imetiwa maji. Mimi nilishindwa na watu hao, nikawapa walichotaka. Wewe sijui utawafanyaje. Ukipata njia, uniandikie.

Swali la pili.

Jana ulipokwenda Dandora kumuaga shangazi yako, nilimchukua wajina. Mama yako alikubali kwa sharti kwamba Mama Halima anifuate, naye alinifuata kama askari, hatua kumi nyuma, akijifanya anakwenda dukani. Ulidhani nilimpeleka kibandani. Nilimpeleka kliniki, maana ilikuwa siku yake ya kupimwa uzito. Nilikuta benchi limejaa kina mama. Hapakuwa na mwanaume hata mmoja, isipokuwa wale wa nepi. Wakanitazama.

"Babu, umejifungua lini?" mmoja akaniuliza.

"Mbona tumbo halijapungua?" akasema mwingine.

Wakacheka benchi zima. Yule wa kwanza akasema, "Tusimcheke. Mama wa mtoto yuko wapi, mzee?"

"Anakwenda kusomea kuwachoma ninyi sindano," nikasema. "Na nitamwambia aanze na wewe."

Hapo wakanipa nafasi ya kukaa. Mmoja hata aliniuliza habari za nywele zinazokatika mbele, huko zinakobanwa na kitambaa. Nikamwambia apunguze kubana. Sikumuuzia kitu. Nataka ujue kwamba sikumuuzia kitu, na nilikuwa na chupa mfukoni.

Nilipofika kwa sista, akachukua kadi, akaisoma, akauliza, "Mzee, nyumbani kuna dawa yoyote mtoto amewahi kupewa ikamdhuru?"

Swali lilelile, Njeri. Kana kwamba lilikuwa limekaa pale likinisubiri.

Nikamwambia, "Alikunywa kafuri. Mimi ndiye nilimpa. Nilidhani ni mbariki."

Nilisimama nikingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini, labda askari. Miaka yote hii nilidhani siku nikisema jambo kama hilo mbele ya watu, kibanda kitaanguka. Sista akaandika, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Asante, mzee. Mvue shati tumpime."

Basi. Nikamvua shati. Amenenepa. Muulize Mama Halima kama nasema uongo, alikuwa mlangoni amejiziba mdomo kwa leso. Njiani kurudi hakukaa tena nyuma. Alitembea pembeni yangu, akambeba mtoto kipande cha njia, akaniambia, "Mzee, leo umenyooka." Nikamwambia mimi siku zote nimenyooka, ni barabara za hapa zilizopinda.

Kwa hiyo jibu la pili ni hili. Mtoto akiumwa, nitakwenda kwenye lile benchi. Akiumwa usiku, nitamgongea Baba Halima. Sitampa kitu kutoka mkononi mwangu isipokuwa uji, na uji huo atakuwa ameupika mama yako. Chupa zote, isipokuwa moja, nimezitoa dirishani jana jioni nikazipeleka kibandani. Utaona dirisha lina alama za duara kwenye vumbi. Mama yako aliona, akapangusa, akaweka pale kopo la maua ya plastiki, mabaya sana.

Dawa ya nywele sitaiacha. Usiniombe. Itabaki kibandani na pilipili yake, na mtu mzima akitaka kuwashwa kichwa kwa hiari yake, nitamwasha. Sasa vijana wameanza hizo nywele za maji maji zinazodondosha mafuta kwenye kola, na nina wazo juu ya hizo, lakini hilo si la leo.

Jambo la mwisho, na usinielewe vibaya. Ukipekua sandukuni, chini ya sweta la kijani, utakuta kitu kimefungwa kwa gazeti na kipande cha taulo. Ni chupa ya kafuri. Najua utakachofikiri ukiigusa: huyu mzee, hata baada ya haya yote, ananibebesha dawa zake. Siyo. Nilitaka kuimwaga. Jana nilikwenda nayo hadi kwenye mtaro, nikafungua kifuniko, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikaisikia harufu yake yote, vizuri kabisa. Pua imerudi. Mkono nao ukakataa. Ile chupa ni ya kabati la bibi, ndiyo iliyobaki, nimeitembeza tangu sina ndevu. Kuiweka kibandani nako siwezi, maana najijua: siku moja mtu atakuja na kifua, ataniita Mzee Dawa, na mimi nitanyoosha mkono.

Kwa hiyo iondoke hapa na wewe. Ukitaka kuimwaga njiani, imwage. Ukitaka kuwaonyesha wenzako na kuwaambia kisa cha mzee mmoja wa Maringo, waambie, lakini uwaambie pia juu ya kitambaa machoni na makofi ya Wazungu. Mimi sitauliza ilikokwenda. Nimeifunga uzi mwekundu shingoni. Nimeufunga mwenyewe, kwa fundo la mama yako, sikuweza kulifunga vizuri, lakini halifunguki.

Nawasikia mmetoka kanisani, sauti ya mama yako iko pale kwenye bomba. Barua hii naiweka juu ya nguo zako ili usilifunge sanduku bila kuiona. Nitachukua kigoda nikakae nje na Mama Halima, nimsaidie ule mchele ambao hauna hata jiwe moja.

Ukimaliza kusoma usije kuniambia kitu. Mimi na wewe hatuwezi, tutaanza kugombana upya. Funga tu sanduku. Lile kufuli lina mlio, hata mtu aliye nje anausikia. Masikio yangu hayajawahi kuugua mafua.

Ni mimi mwanao, baba yako,
Mwangi mkubwa.